Nafasi Nyeusi Kati ya Mifupa: Niliyojifunza Nikipiga Picha za Vifundo vya Mikono Mwanza

Gegedu halionekani kwenye eksirei. Ligamenti nazo hazionekani. Mgonjwa akiinua filamu yake kwenye mwanga wa dirisha, cheupe anachokiona ni mfupa, na ule ukanda mwembamba mweusi unaotenganisha mfupa na mfupa huuchukulia kuwa ni pahali patupu. Si patupu. Humo ndimo lilimo gegedu linalofunika ncha za mifupa isisagane, na humo ndimo zinamopita ligamenti fupi zinazoufunga kila mfupa kwa jirani yake. Wilhelm Röntgen alipoupiga picha mkono wa mkewe Desemba 1895, watu walistaajabia mifupa na pete. Mengine yote ya mkono ule yalibaki kivulini, na kwenye eksirei ya kawaida yamebaki huko hadi leo.

Mimi ni mpiga picha za mionzi hapa Mwanza. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za kuosha filamu kwenye chumba cha giza hadi sasa ambapo picha inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajainuka kitini. Katika miaka yote hiyo kuna sentensi moja iliyonisumbua kuliko nyingine, na bado naisikia: "Picha iko safi, hakuna mvunjiko, nenda ukakande na maji ya moto." Mara nyingi maneno yale ya mwanzo ni ya kweli. Shida ni kwamba mtu anayachukua kama hukumu ya mkono mzima, ilhali picha imezungumzia mifupa peke yake. Anakwenda nyumbani, maumivu yanapungua kidogo, anarejea kazini, na miaka inapita. Siku anayorudi kwetu, kifundo hakibebi tena hata ndoo ya maji.

Na Mwanza ni mji unaoishi kwa mikono. Nenda mwaloni Kirumba alfajiri uone magunia ya dagaa yanavyopandishwa kwenye malori. Panda vilima vyetu vya mawe uwakute wagonga kokoto, wanaume kwa wanawake, nyundo mkononi tangu asubuhi. Wavuvi wa Ukerewe na Kome wanavuta nyavu usiku kucha. Vijana wa bodaboda wanashuka njia za Mabatini na Bugarika zenye mawe yaliyojitokeza, na mvua ikinyesha mawe yale yanateleza. Mtu akianguka hutanguliza kiganja. Mwili wote unafuata na kutua juu ya kiungo kisichozidi upana wa vidole vinne.

Ndani ya kiungo hicho kuna mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu mmoja alitufundisha jambo ambalo limenisaidia kuliko kurasa nyingi za vitabu: ukiacha mfupa mdogo wa pembeni unaoitwa pisifomu, safu ya kwanza, ile inayopakana na mkono wa mbele (kati ya kiwiko na kifundo), haina msuli wowote unaojishikiza juu yake. Mifupa yake haijiendeshi. Inasukumwa na majirani na kuzuiwa na ligamenti tu. Ligamenti ikikatika, hakuna kitu kingine cha kuirudisha mahali pake. Tangu nilipolielewa hilo nimekuwa nikiitazama picha ya kifundo kwa namna nyingine: kabla ya kutafuta ufa kwenye mfupa, natazama nafasi. Je, zinalingana? Je, mistari ya safu inapita bila kuvunjika? Mtaalamu wa radiolojia wa Marekani, Louis Gilula, alieleza mwaka 1979 mikunjo mitatu laini inayoweza kuchorwa kwenye kingo za safu hizo mbili. Mkunjo ukiwa na ngazi, kuna kitu kimehama. Hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji jicho na subira.

Kijana mmoja wa bodaboda wa Igoma alinifundisha zaidi. Alikuja akisindikizwa na mama yake mdogo, mkono wa kulia ameufunga kitambaa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Mimi si daktari, ni mpiga picha. Mkono umepatwa na nini?"

"Nilidondoka na pikipiki kule Buzuruga. Nilipopelekwa kwanza walipiga picha wakasema mfupa mzima. Lakini nikivuta mafuta kuna kitu kinagonga humu ndani, halafu nguvu zinaisha."

Alikuwa na filamu yake ya kwanza, nami nikaiweka kwenye kisanduku cha mwanga. Ilikuwa picha nzuri kwa kile ilichoombwa. Kiganja kimelala mezani, vidole vimelegea, mifupa yote mizima, nafasi zote zinaonekana sawa. Ila kijana hakulalamika kwamba mkono unamuuma ukiwa umelala. Alisema unamuuma akishika kitu kwa nguvu. Picha ilipigwa mkono ukiwa umepumzika, na ligamenti iliyokatika mara nyingi huwa tulivu mkono ukipumzika.

Nikamrudia daktari aliyeandika fomu, nikamweleza, akakubali tuongeze picha ya ngumi kwa mikono yote miwili. Mgonjwa anakunja ngumi na kukaza kweli kweli. Wapo wanaompa mgonjwa penseli aishike kwa mikono miwili, na vifundo vyote viwili vikatoka kwenye picha moja. Kinachotokea ndani ni hiki: misuli ya mkono wa mbele inavuta, mfupa wa katikati wa safu ya pili, kapitati, unashuka na kujisukuma kati ya mifupa miwili ya safu ya kwanza, skafoidi na lunati. Kama ligamenti inayoifunga miwili hiyo ni nzima, haiachani. Kama imekatika, inafunguka.

Mkono wa kushoto wa kijana yule nafasi ilikuwa nyembamba na sawia. Wa kulia ulikuwa na mwanya. Kwa kawaida nafasi ile ikizidi milimita 3 tunashtuka, na tunashtuka zaidi ikiwa upande wa pili hauko hivyo, maana wapo watu ambao ligamenti zao zimelegea tangu kuzaliwa na mikono yote miwili ina nafasi pana bila maradhi. Ndiyo sababu nang'ang'ania mikono yote miwili. Dalili hii ilipewa jina la Terry-Thomas, mwigizaji wa Uingereza aliyejulikana kwa pengo kati ya meno yake ya mbele. Sisi ambao mwanya wa meno ni urembo hatuhitaji kwenda mbali ili kuukumbuka. Ukiuona kati ya skafoidi na lunati, usimruhusu mgonjwa aondoke na maji ya moto.

Picha ya ubavu ilithibitisha. Kwa mtu mzima asiye na jeraha, skafoidi na lunati zinafanya pembe ya kati ya nyuzi 30 na 60. Ikizidi 70, safu imekwisha kupoteza mpangilio: lunati imegeukia upande wa mgongo wa mkono na skafoidi imeinama mbele. Lakini pembe hiyo haina maana kama picha ya ubavu imepigwa mkono ukiwa umepinda. Mifupa miwili mirefu ya mkono wa mbele, radiasi ya upande wa kidole gumba na alna ya upande wa kidole kidogo, lazima ilaliane, na mfupa wa kidole cha kati uwe mstari mmoja na radiasi. Nimeona ripoti zenye maneno mazito zilizojengwa juu ya picha iliyopigwa mshazari, na nimeona wagonjwa walioachwa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ya kuweka mkono mezani haina sifa mbele za watu, lakini kila kinachofuata kinaitegemea.

Kijana yule alipelekwa kwa daktari bingwa wa mifupa akiwa bado ndani ya wiki chache tangu aanguke, na hilo lilimfaa sana. Ncha za ligamenti iliyokatika zikiwa bado mbichi zinaweza kushonwa na mifupa ikashikwa kwa nyaya nyembamba hadi ipone. Zikichelewa, zinajikunja na kugeuka kovu, na daktari analazimika kutengeneza ligamenti mpya kwa kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyochukuliwa kwingine, upasuaji ambao ni mgumu na matokeo yake hayatabiriki vilevile. Alifungwa hogo kwa muda mrefu, akafanya mazoezi ya viungo. Mkono haukunji kama zamani, lakini anashika usukani bila kugongwa ndani.

Kuna jeraha jingine linalojificha ambalo naona ni lazima nilitaje, ingawa ni la mfupa. Skafoidi inaweza kupata ufa mwembamba usioonekana siku ya kwanza. Mtu ana maumivu kwenye kile kibonde kilicho chini ya kidole gumba, eksirei haionyeshi kitu. Utaratibu unaokubalika ni kumfunga mkono kana kwamba umevunjika na kumrudisha kwa picha baada ya siku 10 hadi 14, au kumfanyia MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, mapema pale inapowezekana. Damu ya skafoidi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, hivyo ufa ukikata katikati, kipande cha nyuma kinaweza kufa. Mgonjwa anayeambiwa arudi baada ya wiki mbili asione kama anazungushwa. Arudi. Nawaomba sana wauguzi na madaktari wa zahanati wamweleze sababu, kwa maana mtu anayetoka kisiwani na kulipa nauli ya boti harudi kwa ajili ya agizo asilolielewa.

Upande wa kidole kidogo ni habari nyingine kabisa, na ndiko nilikojifunza kuheshimu milimita.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa alikuwa akiumwa upande huo kwa miezi. Hakukumbuka kuanguka. Alisema linalomuua ni kukamua nguo na kujiinua kutoka kwenye mkeka kwa kuegemea kiganja. Mtu akinitajia hayo mawili, ninaanza kufikiria gegedu la pembetatu. Ni kipande kidogo kilicholala kati ya ncha ya alna na mifupa midogo. Kinafanya kazi ya mto, na ligamenti zilizo kingoni mwake ndizo zinazoifunga radiasi na alna zisiachane mtu anapogeuza kiganja juu na chini. Mzigo unaopita kwenye kifundo hugawanyika: takriban asilimia 80 hubebwa na radiasi na 20 na alna. Alna ikiwa ndefu kuliko radiasi kwa milimita mbili na nusu tu, sehemu yake hupanda hadi karibu asilimia 40. Mto ule unasagwa kidogo kidogo, kila siku, na kila gunia.

Kwa hiyo urefu wa alna ni swali ambalo eksirei inaweza kulijibu vizuri, bila MRI, mradi mkono umewekwa sawa. Bega, kiwiko na kifundo viwe kwenye usawa mmoja, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kimelala. Katika chumba chenye foleni, mgonjwa amesimama kando ya meza na mkono ameuning'iniza, mkono wa mbele unageuka, na alna huonekana ndefu au fupi kuliko ilivyo. Kukaza ngumi nako kunaipandisha. Kwa mama yule, nilishusha kiti, nikapandisha meza, nikarudia kumweka mpaka nikaridhika. Alna yake ilikuwa ndefu kweli. Picha ya haraka ingeweza kuonyesha hivyo kwa bahati tu, na daktari anayefikiria kufupisha mfupa wa mtu hapaswi kutegemea bahati yangu.

Baada ya hapo aliandikiwa MRI. Nakumbuka wakati ambapo mgonjwa wa Kanda ya Ziwa akiandikiwa kipimo hicho alianza kutafuta nauli ya Dar es Salaam na ndugu wa kufikia. Leo kinapatikana hapa hapa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kifundo cha mkono ni miongoni mwa viungo vigumu kupiga kwa MRI, na mgonjwa anastahili kujua kwa nini, kwa kuwa gharama yake ni mara kadhaa ya eksirei.

Kwanza, mashine hutoa picha bora kitu kikiwa katikati ya sumaku. Kifundo kikilala ubavuni mwa mgonjwa, kiko pembeni. Njia mojawapo ni kumlaza kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele juu ya kichwa, na akae hivyo nusu saa hivi bila kutikisika huku mashine ikigonga masikioni. Mama wa miaka 50 mwenye bega linalouma hawezi. Tunamweka upande mwingine, tunamtegemeza kwa mito, tunamwambia kabla kwamba akitikisa kidole tu tutaanza upya. Pili, koili, kile kifaa kinachovishwa kiungo ili kupokea mawimbi, kiwe kidogo kinachokumbatia kifundo. Koili kubwa iliyotengenezwa kwa goti hutoa picha yenye chembechembe. Tatu, unene wa vipande ambavyo mashine inakatia picha. Ligamenti tunazozitafuta zina unene wa milimita chache, na gegedu la pembetatu katikati yake ni jembamba sana. Ukikata vipande vya milimita 3 au zaidi, mpasuko unaweza kupotea kati ya kipande na kipande. Sumaku ya Tesla 3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inaona vizuri kuliko ya Tesla 1.5, hilo halina ubishi, lakini Tesla 1.5 yenye koili sahihi na mgonjwa aliyetulia nimeiona ikitoa picha safi kuliko mashine yenye nguvu iliyoharakishwa.

Kwenye MRI, gegedu la pembetatu na ligamenti nzima huonekana nyeusi, na maji huonekana meupe kwenye picha zinazolengwa kwa maji. Mahali palipopasuka, maji hupenya na mstari mweupe hukata weusi. Mama yule alikuwa na mstari huo, na jirani yake mfupa wa lunati ulikuwa na uvimbe wa ndani, dalili kwamba alna ilikuwa ikiugonga. Picha, maumivu na kazi yake vikasema jambo moja. Alipewa kishikizo cha kifundo, akapunguziwa mizigo, na mpango wa upasuaji ukawekwa endapo hiyo haitatosha.

Nasema vikasema jambo moja kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi havisemi.

Bibi mmoja kutoka Nansio alifika na ripoti ya MRI aliyoikunja mara nyingi hadi karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Wanawe walikuwa wameambiwa na mtu mtaani kwamba "gegedu limetoboka" na wameanza kuzungumza kuhusu kuuza kiwanja ili bibi akapasuliwe. Nilimuuliza tu, "Bibi, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma." Akaonyesha upande wa kidole gumba. Tundu lililoandikwa kwenye ripoti lilikuwa upande wa pili, tena katikati kabisa ya gegedu. Sikuwa na mamlaka ya kumwambia zaidi, nikamwomba daktari amwone siku hiyo hiyo. Daktari alimkunja kidole gumba ndani ya ngumi na kumwinamisha mkono kuelekea kidole kidogo, bibi akaruka. Altrasaundi ikaonyesha ala ya kano za kidole gumba imevimba. Tatizo lilikuwa la kano, linalotibika bila kuuza kitu chochote.

Watu wenye umri mkubwa wana matundu hayo kwa wingi, hata wasioumwa. Katikati ya gegedu la pembetatu hakuna mishipa ya damu, panachakaa na umri kama panavyochakaa pengine mwilini, wala hapaungi penyewe. Kingo zake zina damu, na mpasuko wa kingoni una nafasi ya kupona au kushonwa. Andrew Palmer, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyapanga majeraha hayo mwaka 1989 kwenye makundi mawili makubwa: yaliyotokana na ajali na yaliyotokana na kuchakaa. Ukisoma ripoti yako ukaona neno mpasuko, uliza uko wapi, ni wa kingoni au katikati, unaonekana mpya au wa zamani, na je, ndipo panapouma? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, bado hujajua unaumwa nini.

Altrasaundi yenyewe naipenda kuliko wengi wa rika langu. Haioni ndani ya kiungo, gegedu kubwa limejificha nyuma ya mfupa. Lakini kano, maji ndani ya ala, uvimbe wa maji unaojitokeza mgongoni mwa kifundo, na hata sehemu ya nyuma ya ligamenti ya skafoidi na lunati, ambayo ndiyo imara kuliko nyingine, vinaonekana, na mgonjwa anaweza kukunja na kukunjua mkono huku ukitazama. Ni nafuu na inapatikana karibu. Inachotaka ni mikono yenye uzoefu.

Kuna pia kipimo cha kuingiza dawa ya kuonyesha ndani ya kiungo kwa sindano, kisha kupiga CT (eksirei inayotoa picha za vipande vipande) au MRI. Dawa ikivuja kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kuna tundu kati yake. Kwa gegedu linalofunika mifupa, CT ya namna hiyo ni hodari sana, na humfaa mtu mwenye kifaa cha kuendesha moyo ambaye hawezi kuingia kwenye sumaku. Juu ya vyote bado ipo kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya kiungo na daktari wa upasuaji. Vipimo vyetu vyote hupimwa usahihi kwa kulinganishwa na kile inachokiona. MRI isiyoonyesha kitu haifuti maumivu ya mtu.

Niseme na la fomu, kwa kuwa ndipo mambo mengi yanapopotelea. Fomu inakuja imeandikwa "eksirei ya mkono, ameanguka." Mkono upi? Kiganja, kifundo au kiwiko? Alianguka lini? Panauma wapi, akifanya nini? Mistari miwili ya maelezo inabadilisha namna nitakavyomweka mgonjwa, picha nitakazopendekeza ziongezwe, na jinsi daktari wa radiolojia atakavyozisoma. Nikipata fomu tupu, namuuliza mgonjwa mwenyewe na kuandika kwa mkono wangu pembeni. Hili hata mgonjwa anaweza kulisaidia: sema mapema, sema kwa kuonyesha kwa kidole, taja kazi yako.

Na kuhusu kukanda, sitaki kuwasema vibaya wazee wetu. Kuna mikono iliyochoka tu ambayo maji ya moto na mafuta huituliza. Ninachoomba ni kwamba kifundo kilichoanguka na kuvimba kisivutwe wala "kunyooshwa" na mtu yeyote kabla hakijapigwa picha. Kuvuta kiungo chenye ligamenti iliyokatika nusu ni kuimalizia.

Mgonga kokoto mmoja, mzee wa makamo, alikuja kwetu mkono wa kulia umekakamaa. Mkewe alikuwa na busara ya kutunza kila karatasi ya hospitali kwenye mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na filamu ya miaka mingi nyuma, siku alipoteleza juu ya jiwe. Aliwahi kuambiwa kwamba ni safi. Nikaziweka mbili kando kwa kando. Kwenye ya zamani mifupa yote mizima, ila kati ya skafoidi na lunati mwanya umekwisha kuanza. Kwenye mpya, skafoidi imeinama, ule ukanda mweusi kati yake na ncha ya radiasi umetoweka, mfupa unasugua mfupa, na kapitati imeanza kuzama. Madaktari Watson na Ballet walieleza mwendo huu mwaka 1984: uchakavu huanzia ncha ya radiasi upande wa kidole gumba, huenea kwenye kiungo kizima cha radiasi na skafoidi, kisha hufika kati ya kapitati na lunati. Gegedu likishaanza kuisha hivyo, kushona ligamenti hakuna maana tena. Yanabaki mambo kama kuondoa safu ya kwanza ya mifupa, ikiwa kapitati bado haijachakaa, au kuunganisha baadhi yake isicheze, ili mtu apoteze mwendo lakini apumzike na maumivu.

Mzee alisikiliza yote kutoka kwa daktari, akaomba akafikirie na familia. Baadaye alichagua kishikizo na dawa kwanza, akaacha nyundo, na sasa anasimamia upakiaji wa malori ya kokoto kwa mkono wa kushoto. Upasuaji umebaki mlango ulio wazi kwake. Alituruhusu tutunze nakala za filamu zake mbili bila jina. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakija, nawawekea kwanza ile ya zamani na kuwapa rula, nami nasubiri waitazame kwa muda wanaoutaka kabla sijawaonyesha ya pili.